Kioo Kidogo cha Nyuma, Kushoto

Katika siku zote nilizojaliwa kuishi, mwanangu, ipo moja ninayoiona waziwazi kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Ni siku niliyorudi kwenye gari langu pale Dumila, mikono yote miwili imejaa mifuko ya vitunguu, nikakuta kioo kidogo cha nyuma kimevunjwa na baba yangu hayumo ndani.

Kaa vizuri nikusimulie, maana jambo hili watu wengi wa familia wanalijua nusunusu, na hiyo nusu wanayoijua ndiyo iliyonisumbua na mimi.

Baba yangu, Mzee Kaloli, alikuwa mkulima wa Matombo. Alilima ndizi, mdalasini na pilipili manga kwenye miteremko ambayo wewe ukisimama tu magoti yanatetemeka. Hakuwa msemaji. Kanisani aliimba sauti nzito ya chini, na nyumbani alisema pale tu palipokuwa na la kusema, ndiyo maana tulimsikia. Basi kiharusi kilimkuta shambani, asubuhi, akikata mikungu. Kilimpoozesha upande wa kulia, mkono na mguu, na kikamvuruga maneno. Akitaka maji anasema kisu. Akitaka kuniita mimi, Vero, anataja jina la marehemu mama, au jina la mbwa tuliyekuwa naye nikiwa mdogo. Daktari alituita akatuambia bila kuzunguka: akili yake iko palepale, anaelewa kila kitu, ila maneno yanampotea njiani. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba sikumwamini. Ukimsikia mtu anaita sahani mbuzi, ni vigumu kuamini kwamba ndani yake bado yupo yuleyule.

Nikamleta Morogoro mjini, nyumbani kwetu Kihonda, awe karibu na hospitali. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka thelathini na mitatu, najiona mtu mzima kamili. Mume wangu Deo alikuwa kiwandani. Tulikuwa na binti mmoja, Neema, wa miaka minne, na kigari kidogo cha milango mitano ambacho ndicho kilikuwa gari letu la kwanza. Nakwambia nilikipenda kigari kile. Nilikiosha kwa mikono yangu kila Jumamosi.

Nikueleze na hicho kioo, ili tusipotezane. Siyo kile kioo cha mlango kinachopanda na kushuka. Ni kile cha pembe tatu kilicho nyuma yake, kidogo kama sahani ya chai, kimebandikwa kwa gundi kwenye bodi ya gari. Hakifunguki. Watu wengi hawajui hata kwamba kipo mpaka kivunjike.

Siku hiyo nilitaka vitunguu na nyanya za shughuli ya kipaimara cha mtoto wa dada yangu, na Dumila, kwenye barabara ya Dodoma, ndipo tulipozoea kununua vya mashambani. Dada wa kazi alikuwa ametoka na Neema, Deo yuko kiwandani, sikuwa na mtu wa kumwachia baba, nikamchukua. Nikamweka nyuma, upande wa kushoto, fimbo yake magotini. Nyuma nilimweka kwa sababu mbele nilipanga kuweka matenga ya nyanya yasipondeke. Unanisikia? Nyanya mbele, baba nyuma.

Tulifika jua likiwa utosini. Kivuli chote kilishikwa na malori, nikaegesha peupe. Nikapandisha vioo kwa ajili ya vumbi na wezi, nikazima gari, nikamwambia, "Baba, nakuja sasa hivi."

Akainua mkono wa kushoto akagusa kioo cha mlango. Nilidhani ananiaga. Nikampungia, nikabonyeza rimoti, milango ikajifunga, nikaenda.

Hiyo sasa hivi yangu ilichukua karibu saa nzima. Nilikutana na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, hatujaonana miaka, tukasimama penye vitunguu tunacheka, tunaulizana fulani yuko wapi, fulani kaolewa na nani. Nilikuwa nikikumbuka kwamba baba yuko kwenye gari. Nilikumbuka kabisa. Nilikumbuka kama unavyokumbuka kwamba umeacha mwavuli mahali.

Niliporudi niliona watu wamezunguka gari. Mlango wa nyuma kushoto uko wazi. Kile kioo kidogo hakipo, vipande vimesambaa chini kwenye vumbi, vinameta.

"Dada, gari lako hili?" akaniuliza mwanamke mmoja muuza mahindi ya kuchoma. "Kuna jamaa kashuka kwenye basi la Dodoma, kavunja kioo, kafungua mlango!"

"Acha uongo," akasema mwanamume mwingine. "Yule hakuvunja. Alifungua tu. Kioo kilikuwa kimeshavunjika."

"Sasa kama hakuvunja alikuwa anatafuta nini?"

"Mimi nilikuwa hapahapa," akadakia wa tatu. "Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa anapiga na fimbo. Mzee hayuko sawa yule, dada, usimwache peke yake."

"Huyo mtu wa basi yuko wapi?" nikauliza.

"Basi limeshaondoka."

Nilichungulia ndani. Mwavuli upo. Sweta la Neema lipo. Kadi ya hospitali ya baba ipo palepale kitini. Mwizi gani anavunja kioo, anafungua mlango, halafu anaondoka mikono mitupu? Na kama si mwizi, nani? Kichwa kilinizunguka, mwanangu. Kila mtu aliniambia aliloliona kwa macho yake, na hakuna mawili yaliyolingana.

Baba nilimkuta nyuma ya banda la mama lishe, penye bomba. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati limelowa chapachapa, vifungo wazi, anahema. Aliponiona akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Ng'ombe," akasema. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekosea namba ya simu. "Ng'ombe. Mlango. Ng'ombe."

"Baba, umefanya nini? Nani kavunja kioo?"

Niliuliza hivyo, na nitakuwa mwongo nikisema nilisubiri jibu. Macho yangu yalikuwa yamesharudi kwenye gari.

Tatizo likaja wakati wa kuondoka. Baba alikataa kuingia. Alifika mlangoni, akaona kile kiti cha nyuma, akaanza kupiga kelele, sauti isiyokuwa na neno ndani yake. Watu wakazidi kujaa. Niliona aibu. Nikawaomba wapakiaji wawili wa malori wanisaidie kumwinua. Akashika ukingo wa mlango kwa ule mkono wake mmoja mzima, na mimi, binti yake, nikambandua vidole kimoja kimoja. Tukamfungia mlango. Safari nzima hadi mjini upepo ulikuwa ukipiga mluzi kwenye ule uwazi, na mimi sikumtazama hata mara moja kwenye kile kioo cha kuangalia nyuma.

Nyumbani kila mtu akawa na maelezo yake. Deo alisema ni kibaka aliyeshtuka akakimbia. Jirani alisema ni ugonjwa umepanda kichwani. Wifi yangu, dada yake Deo, mwanamke mwenye moyo mzuri lakini mwepesi wa kukata shauri, alisema wazee wenye kiharusi hufika mahali wakawa wakali, na kwamba kwao palikuwa na mmoja aliyetaka kuchoma nyumba. Tuliongea hayo yote sebuleni, baba amekaa hapohapo, tukimpita juu ya kichwa kama vile ni kabati.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafua uani. Gari lipo palepale, lile tundu nimelizibia nailoni. Nikasikia kitu kinagonga, ko, ko, ko. Kugeuka, nikamwona baba amesimama ubavuni mwa gari anagonga kioo cha mlango wa nyuma kwa ncha ya fimbo. Fimbo ile mpira wake wa chini ulikuwa umechakaa, kimebaki chuma. Akagonga, akanitazama. Akafungua kiganja na kukifumba, akakifungua na kukifumba. Akagonga tena.

Nilikimbia povu mikononi, nikamnyang'anya fimbo.

"Kimoja hakijakutosha, baba? Unataka uvunje na hiki?"

Akajishika ukutani akarudi ndani, hatua moja, anapumzika, hatua moja. Mtu mwenye mguu mmoja tu wa kutumainia, na mimi nimeshika fimbo yake. Siku hiyohiyo wifi akasema tumwekee komeo kwenye mlango wa chumba, kwa nje, kwa usalama wake mwenyewe. Nikakubali. Alhamisi fundi seremala akaja akalifunga. Nilipokwenda shule na Deo akienda kiwandani, dada wa kazi alimpelekea chai, kisha akasukuma komeo.

Sasa turudi kwenye kioo, maana hicho ndicho nilichokihangaikia wiki nzima. Kule karibu na Msamvu alikuwapo fundi wa vioo vya magari, Fundi Shabani, mzee wa hapahapa mjini, mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimpigia simu, nikamwambia kilichovunjika ni cha nyuma kulia. Akaagiza kwa wauza spea za mtumba Dar es Salaam, kikaja kwa basi. Alipokiweka kwenye gari kikakataa. Umbo ni lile, ukubwa ni ule, lakini kinapinda kinyume.

"Mwalimu," akaniambia, "hiki ni cha kulia. Gari lako limevunjika kushoto."

"Kulia, fundi. Huu hapa mkono wangu wa kulia."

Nilikuwa nimesimama mbele ya gari, tunatazamana nalo. Akacheka taratibu. "Kulia na kushoto kwa gari unahesabu ukiwa umekaa ndani kwenye usukani, siyo ukiwa umesimama mbele yake."

Nilikasirika kama mtoto. Ikabidi tusubiri kingine. Kikaja Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nikalipeleka gari tena.

Fundi Shabani alifanya kazi polepole, kwa namna ya mtu anayetayarisha chakula cha mgonjwa. Alibandua plastiki ya ndani inayozunguka kioo, akaiweka kwenye kiti cha nyuma. Akakwangua gundi ya zamani, akachambua vipande vilivyobaki kwenye kingo, akafuta kwa kitambaa mpaka bodi ikang'aa. Akapaka gundi mpya, nyeusi, nzito kama lami, akazungusha mstari mmoja bila kuinua mkono.

"Sasa ingia nyuma, mwanangu," akasema. "Mimi nakiweka kwa nje, wewe uniambie kwa ndani kama kimekaa sawa kingo zote."

Nikaingia, nikakaa pale alipokuwa amekaa baba. Fundi akafunga mlango ili bodi itulie. Akaweka kioo, akakikandamiza. Nikamwambia juu kidogo, haya, chini kidogo, hapo hapo.

"Kishike kwa kiganja, usikisukume," akasema kwa nje. "Selotepu imekwisha, nachukua dukani ng'ambo. Na usitikise gari, gundi haijashika."

Akavuka barabara. Nikamwona anasalimiana na mtu. Wazee wa Morogoro wakianza kusalimiana, mwanangu, unajua mwenyewe. Nyumbani hawajambo, shamba je, mvua imenyesha huko? Jua lilikuwa limeshapanda na linapiga pale pale. Vioo vyote juu. Jasho likaanza shingoni, likashuka mgongoni. Nikajiambia ngoja nifungue mlango kidogo upite upepo.

Nikavuta kitasa. Kikaja chote, chepesi, kama mkono wa mtu aliyelala. Mlango haukufunguka. Nikahakikisha haujafungwa kwa loki. Haujafungwa. Nikavuta tena. Nikajaribu mlango wa pili, vilevile. Nikabonyeza kitufe cha kioo, kimya, ufunguo hauko kwenye gari, umo mfukoni mwa fundi. Nikainua mkono nigonge kioo nimwite, nikakumbuka gundi. Nikabaki na ule mkono hewani.

Hapo ndipo nilipoiona ile plastiki iliyokuwa kitini kando yangu. Upande wake wa ndani ya gari, ule unaomwelekea abiria, ulikuwa na mashimo madogo ya duara. Si moja, si mawili. Yamejaa ukingo mzima, mengine yamepishana juu ya mengine. Niliweka kidole kwenye moja. Lilikuwa na upana wa kile chuma cha chini ya fimbo ya baba. Nikatazama mlango. Chini ya kitasa palikuwa na mikwaruzo, mistari mitatu minne inayokwenda pamoja, kama ya kucha.

Sijui kama ulishawahi kuelewa jambo zima mara moja, mpaka ukatamani usingelielewa. Nikaona ule mkono wake wa kushoto ukigusa kioo wakati naondoka. Hakuwa ananiaga. Alikuwa ananiomba nishushe kioo.

Ningetaka, ningepita katikati ya viti nikatokea mbele. Mimi nilikuwa na miguu miwili. Yeye angepita vipi?

Fundi aliporudi na selotepu yake alinikuta nalia. Akafungua mlango upesi kwa nje, ukafunguka bila shida.

"Gari limekubana?"

"Fundi, huu mlango haufunguki kwa ndani."

Akainama, akatazama ubavuni mwa mlango, akagusa kipini kidogo kwa ncha ya bisibisi. "Kufuli ya watoto hii. Mtu kaiweka."

Nilimpigia Deo palepale. Ndiyo, alisema, aliiweka yeye Jumapili ile kabla ya Dumila, Neema alitaka kufungua mlango gari likitembea. Alisahau kuniambia. Na mimi nyuma siketi kamwe, ningejuaje?

Nikamweleza Fundi Shabani habari yote, mtu wa basi, ng'ombe, fimbo, komeo. Alisikiliza huku anabandika selotepu, hakunikatiza. Mwishoni akasema, "Mimi siku ya kwanza nilishangaa. Kioo kikipigwa kwa nje vipande vinamwagika ndani. Humu ndani vilikuwa vichache sana. Lakini sikuulizwa, nikanyamaza. Kile kikubwa cha mlango kimebandikwa karatasi ya tinti, ukikipiga nguvu zote zinaishia kwenye karatasi. Mzee wako alipiga hiki kisicho na tinti. Ana akili nzuri huyo."

Akavua miwani, akaifuta.

"Ulimuuliza?"

"Fundi, baba hawezi kuongea."

"Sikuuliza kama anaweza kuongea. Nauliza kama wewe ulimuuliza."

Akaendelea, bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mimi pia ni mzee, mwanangu. Nikuambie kinachotisha. Kufa hakutishi. Kinachotisha ni kuwa na neno ambalo watoto wako hawana nafasi ya kulingoja. Gari liache hapa, gundi inataka siku nzima. Wewe nenda nyumbani."

Nilikwenda kwa bodaboda. Nilivuta komeo, nikafungua. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, kofia kichwani, ameelekea mlangoni. Mpaka leo sijui alikuwa akivaa hivyo kila siku, au ni siku ile tu. Sikuthubutu kumuuliza dada wa kazi.

Nilipiga magoti, nikaweka fimbo mikononi mwake.

"Shikamoo, baba."

Akaitikia kwa kichwa.

"Baba, kule Dumila ilikuwaje? Nionyeshe. Nina siku nzima."

Kisha akajiinua, akaenda mlangoni, akaufunga. Akavuta kitasa, akageuka akanionyesha kiganja kitupu. Akavuta tena, kiganja kitupu. Akajifuta uso, shingo, kifua. Akaninyooshea fimbo mimi, halafu akaelekeza mbali, mbali kabisa, nje ya dirisha. Akapiga hewani kwa ncha ya fimbo, mara nyingi, mpaka akachoka ikabidi nimshike. Halafu akatengeneza mtu mwingine, mrefu, kwa kuinua mkono juu. Yule mtu akamwonyesha kwa vidole namna ya kutoa loki, akafungua mlango kwa nje. Baba akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. Alikuwa anamshukuru mtu wa basi. Mtu ambaye nyumbani tulimwita kibaka, ambaye alishuka kununua mahindi, akaona mkono wa mzee kwenye tundu la kioo, akamwokoa, akapanda basi lake akaenda zake. Sijawahi kumjua.

"Na ng'ombe, baba?" nikamuuliza. "Ulisema ng'ombe."

Akafikiri. Akatikisa kichwa, na mdomo wake ule uliopinda ukacheka. Na yeye hakujua. Hilo limebaki hivyo hivyo.

Nikamwomba radhi. Nilisema maneno mengi, mwanangu, yaliyonyooka na yasiyonyooka, na kwa mara ya kwanza tangu augue tulikuwa wawili ambao maneno yanawapotea. Aliweka ule mkono wa kushoto kichwani kwangu. Halafu akanyoosha fimbo, akagonga lile komeo mlangoni, mara moja, kama mtu anayeonyesha kosa kwenye daftari. Deo alirudi mchana akaling'oa kwa mikono yake, na yeye akapiga magoti.

Baba aliishi miaka mingine miwili na kidogo. Kwenye gari alikaa mbele, na alipotaka upepo alipata upepo. Tulijifunza lugha yake. Kuna siku ilinichukua nusu saa nzima kujua kwamba anataka kwenda Matombo kuona mdalasini umefikia wapi, na nilipopatia aliachia kicheko ambacho ningepanda milima yote ile kwenda kukisikia tena. Tulikwenda. Barabara ilitutikisa njia nzima. Alikufa kwetu Kihonda, mchana, mlango wa chumba chake ukiwa wazi, nami nimemshika mkono. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa jina la yule mbwa. Nilijua ananiita mimi.

Basi ninachokuomba si kikubwa. Ukimuuliza mtu swali, kaa chini usubiri jibu lake, hata likija pole pole, hata likija limevaa neno lisilo lake, hata likija bila neno kabisa. Usimjadili mtu mbele yake kana kwamba hayupo. Na kabla hujasema fulani amechanganyikiwa, nenda kwanza ukakae pale alipokaa yeye, ufunge mlango, uone kama nawe hutapiga kioo. Mimi niliyejiona mwenye akili timamu ndiye niliyekuwa nimechanganyikiwa wiki ile nzima, na mzee aliyeita kila kitu ng'ombe ndiye pekee aliyejua kilichotokea.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuzidishie subira kuliko aliyonipa mimi nikiwa na umri wako. Akujalie kuwatunza wakubwa wako bila kuwavunjia heshima, na siku nguvu zitakapokuishia wewe, akuwekee karibu mtu ambaye hana haraka. Amina.